Koti Jekundu la Mama Tansy

Tansy alisimama katikati ya njia, akaanza kumtikisia mkia mtu ambaye hakuwepo.

"Unamsalimia nani, we bibi kizee?" Noreen akamcheka.

Tansy alikuwa mbwa jike mweusi, masikio marefu, kidevu kimeanza mvi. Alikuwa mbwa wa Wilf, mume wa Noreen, na tangu Wilf afariki miaka miwili nyuma, Noreen alimtembeza kila alasiri katika msitu wa Ravensgill nyuma ya nyumba yake. Huko watu walijuana kwa mbwa wao tu. Ungeweza kusalimiana na mtu miaka kumi, ukajua hata dawa ya minyoo anayompa mbwa wake, na jina lake usilijue. Noreen alikuwa Mama Tansy, basi.

Mbwa akabweka mara moja kwa furaha, akachomoka, akazama kwenye misonobari.

Noreen aliita mpaka koo likamkauka. Huko Novemba jua huzama mapema, geti la msitu lilikuwa likifungwa saa kumi na nusu, na giza lilikuwa limeshaanza kukaa chini ya miti. Kila siku saa kumi na mbili jioni Tansy alikuwa bado anakaa mlangoni kumngoja Wilf arudi kazini. Hapakuwa na kiumbe mwingine duniani wa kumngoja Wilf pamoja naye.

Baba Rufus ndiye aliyemkuta analia. Alikuwa tarishi mstaafu wa posta, mwenye mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia aliyeitwa Rufus.

"Acha koti lako hapo kwenye kisiki," alimwambia. "Mbwa hufuata pua, mama. Kesho asubuhi utamkuta kajikunja juu yake, tena kakununia."

"Na baridi hii?"

"Vaa langu. Linanuka Rufus, lakini hutakufa."

Wote wenye mbwa hufanya hivyo. Noreen akavua koti lake jekundu lenye kofia, akalitandika juu ya kisiki, akaenda nyumbani bila mbwa.

Asubuhi alirudi amevaa koti la Baba Rufus. Kisiki kilikuwa kitupu. Akawalaani wezi wasiomwachia mjane hata koti. Mara Baba Rufus akatokea anatabasamu.

"Kumbe ulimpata! Jana nilirudi kutafuta miwani yangu, nikakuona kule bondeni na koti lako, Tansy nyuma yako. Nakuita, hata kugeuka hugeuki. Nikasema, leo Mama Tansy ana maringo!"

"Jana jioni nilikuwa nyumbani," Noreen alisema. "Na Tansy sijampata."

Tabasamu la yule mzee likakauka. Rufus akakaa juu ya miguu ya bwana wake, anatetemeka.

Hapo ndipo walipoisikia sauti kutoka bondeni, "Tansy! Njoo kwa mama!", na ilikuwa sauti ya Noreen mwenyewe, na nyuma yake ikapanda harufu ya poda yake ya kuogea, kali kuliko alivyopata kuipaka, ikafunika harufu ya majani yaliyooza, na kati ya vigogo koti jekundu likapita polepole, kofia yake imesimama wima kama imefunika kichwa, lakini ndani ya kofia hapakuwa na uso, ilionekana tu miti iliyokuwa nyuma.

Tansy alifuata, mkia juu.

"Tansy!" Noreen alipiga kelele. Mbwa akageuka, akanusa hewa. Mbele yake aliona mtu anayenuka Rufus. Akaondoka na lile koti.

Iliuma kuliko hofu.

"Bibi yangu alikisema sana hiki kitu," Baba Rufus alinong'ona. Sisi Waswahili tungekiita jini. Bibi yake hakuwa na jina la kukiita. "Alisema hakina sura wala sauti, huazima tu. Ukiacha humu nguo uliyoivaa, kinaivaa. Mimi nikamwona mzee wa kuwatisha watoto. Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyekwambia uache koti."

"Nitamrudishaje?"

"Alisema hakirudishi bure. Weka harufu ambayo mbwa anaipenda zaidi. Mbwa atarudi. Nguo ndiyo basi tena."

Noreen hakuhitaji kufikiri. Kabatini, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, lilikuwamo sweta la kijivu la Wilf ambalo halikufuliwa. Kila Jumapili alilifungua, akalinusa mara moja, akalifunga haraka harufu isije ikaisha.

Alasiri aliliweka kwenye kisiki.

"Una hakika?" Baba Rufus aliuliza.

"Sina. Usiniulize tena."

Dakika chache kabla geti halijafungwa, Tansy alikuja mbio, amelowa, majani yamejaa masikioni. Noreen alimkumbatia pale pale kwenye tope, akalia kama mtoto, na Baba Rufus naye akapenga kamasi. Hawakutia tena mguu Ravensgill.

Siku ya nne, saa kumi alasiri, Noreen alikuwa jikoni anachemsha maji. Tansy akakimbilia chini ya meza, manyoya yamemsimama. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini tumbaku na mafuta ya mashine vilinukia, harufu ya mikono ya Wilf. Kisha ikaja miluzi, miwili mifupi na mmoja mrefu, kama Wilf alivyokuwa akimwita Tansy. Mbwa hakutoka. Safari hii alikuwa amejua.

"Noreen," sauti ikaita taratibu.

Msituni kote hapakuwa na mtu aliyelijua jina hilo.

Kwenye uzio nyuma ya bustani lilisimama koti jekundu, na kando yake sweta la kijivu, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea nyumbani, na Noreen alijua kabisa kwamba ndani ya sweta lile hamna kitu, alijua kama anavyokijua kiganja chake, na bado sauti ikasema, "Njoo, mpenzi, kunakuchwa," vile vile Wilf alivyokuwa akisema, kwa mkwaruzo ule ule wa koo, naye kwa miaka miwili hakuwa ameitwa mpenzi na mtu yeyote.

Tansy alimng'ata pindo la sketi, akamvuta kwa nguvu zake zote.

"Niache, bibi kizee," Noreen alisema kwa upole. Akampapasa kichwa, akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Saa kumi na mbili Tansy alikwenda kukaa mlangoni, akangoja.