Vipimo vya Kwaya Vilivyopotea

Fundi cherehani alifungua simu asubuhi, kabla hata ya kutia mashine mafuta. Tovuti yake haikufunguka. Akajaribu tena. Wapi!

Humo ndimo alimotunza vipimo vya wanakwaya arobaini. Sare zilitakiwa Jumamosi, na kitambaa kilikuwa mezani, hakijakatwa. Daftari la zamani alishaliwashia moto jikoni, akijisifu kuwa sasa ni mtu wa kisasa.

"Si uwapigie hao wanaokuhifadhia tovuti?" mumewe aliuliza.

"Nimepiga mara tisa. Hawapokei."

"Uliwachagulia nini?"

"Bei yao ilikuwa ya chini kuliko wote."

"Rahisi ghali, mama."

Fundi alimkata jicho. Aliogopa. Kwaya ikikosa sare, nani atamletea kazi tena?

Mchana alikuja wifi yake, mtunza kompyuta za hospitali. Alisikiliza mkasa wote.

"Wifi, kitambaa kigeni unakikata hivihivi?"

"Thubutu! Naloweka kipande kwanza, nione kama kinachuja rangi."

"Na hawa wa tovuti, uliwaloweka?"

Fundi akacheka bila kupenda.

"Kabla ya kujiunga na kampuni, ipigie siku ya mapumziko," wifi alieleza. "Uone kama kuna mtu. Waulize: mashine yenu ikiharibika, kuna nyingine? Nakala mnaweka wapi? Ulizia na wateja wao wa siku nyingi. Anwani ya tovuti uisajili wewe mwenyewe, ili ukihama uhame nayo. Halafu weka nakala yako nyumbani. Hata kampuni nzuri hupatwa na ajali."

"Na Jumamosi je?"

"Jumamosi ni wewe na futi yako."

Jioni fundi alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, akasema ukweli wote. Aliona aibu. Akawapima upya mmoja mmoja, mumewe akiandika kwenye daftari jipya.

"Afadhali vilipotea," alisema mwimbaji wa sauti nzito, akishika tumbo. "Vile vya zamani vingenibana."

Yeye na mumewe walishona zamu kwa zamu. Kifungo cha mwisho kilishonwa Jumamosi, kwaya ikiwa mlangoni.

Jumapili fundi alipigia kampuni tatu. Mbili hazikupokea. Ya tatu ilipokea na kujibu maswali yote, naye akahamia huko. Vipimo vipya akaviweka kwenye tovuti na kwenye daftari pia.

Miezi miwili baadaye, siku ya mapumziko, aliwapigia tena.

"Una tatizo gani, mama?" mhudumu aliuliza.

"Sina," alisema fundi. "Naloweka tu."