Mtoto Huvaa Upande wa Ndani

Mtaa mzima ulimwita Fundi, nasi tumwite hivyo. Kwa miaka kumi na miwili alifanya kazi katika karakana ya masweta ya shule. Mikono yake ilikuwa myepesi. Aliweza kufuma mkono wa sweta huku akibishana na watu wawili, na ubishi akaushinda.

Mwaka huo Fundi alikuwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa mimba yake ya kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa. Watu walikwisha kuchoka kumuuliza, naye alikwisha kuchoka kuwajibu. Kila alasiri, akitoka kazini, aliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pake. Aliweka miguu juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafuma nguo za mwanawe. Sweta na soksi alizifuma kwa sindano mbili. Kofia na shali alizifuma kwa kroshia, ile sindano moja yenye ndoano nchani.

"Hivi tumboni mna mtoto mmoja au darasa zima?" mumewe alimtania. Mume alikuwa fundi bomba, mtu mpole asiyependa kelele.

"Niache," Fundi alijibu. "Nimevisha watoto wa watu miaka kumi na miwili. Safari hii ni zamu ya wangu."

Katika kapu lake la nguo za mtoto mlikuwa na vipande kumi na vinne. Kulikuwa pia na jozi ya glavu ndogo za manjano, zenye maua mekundu. Glavu hizo alimpa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi chumba cha pili katika ua uleule. Wifi alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Mtoto huyo alikuwa mnene hata wakamwita Bonge, na alikuwa na tabia ya kujikwaruza uso kwa kucha.

"Mvishe hizi, wifi yangu," Fundi alisema. "Mashavu haya ni mali. Yasiharibiwe."

Wifi alifurahi sana. Aliwaonyesha majirani wote, nao wakasifu.

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, Bonge alianza kulia. Hakikuwa kile kilio chake cha njaa. Kilikuwa kikali, kirefu, hakina kituo. Wifi alimpa ziwa, akalikataa. Alimbeba, akazidi. Alimvua nguo, akamkagua tumbo na mgongo. Hakuona upele wala homa.

"Jamani, huyu anataka nini?" wifi alilalamika.

"Ni tumbo hilo," Fundi alisema. "Mlaze mapajani, umsugue mgongo polepole."

"Wewe hata hujazaa, unajua nini kuhusu tumbo la mtoto?"

Neno hilo lilimchoma Fundi. Alilimeza, lakini halikushuka.

Saa sita Bonge alikuwa bado analia, na sauti imeanza kumkauka. Ndipo jirani yao alipopita uani akitoka zamu. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na kila mtu alimwita Sista.

"Analia tangu saa ngapi?" Sista aliuliza.

"Tangu saa tatu. Tumemvua, tumemkagua mwili mzima."

"Na mikononi?"

"Mikononi ana glavu tu."

"Glavu tu," Sista alirudia. Alinawa mikono yake kwa sabuni, akaigeuza taratibu glavu ya mkono wa kulia.

Wifi alipiga ukelele. Kidole cha kati cha Bonge kilikuwa kimevimba, kimekuwa rangi ya zambarau. Chini ya kiungo, uzi mwembamba wa manjano ulikuwa umejizungusha na kuzama katika nyama.

Wifi aliukamata uzi ule ili aukate kwa nguvu.

"Usiuvute!" Sista alisema. "Ukiuvuta unakaza."

Alitoa mkasi mdogo mkobani. Alipitisha ncha yake polepole chini ya uzi, akaukata. "Sasa twende zahanati. Sasa hivi, si baada ya chakula. Huenda kuna mzunguko mwingine. Uvimbe unaweza kuuficha, nisiuone."

Kumbe ulikuwapo. Daktari aliutafuta kwa kioo cha kukuzia, akaupata, akautoa. "Damu ilikuwa haipiti," aliwaambia. "Kama mngengoja hadi jioni, huenda tungekuwa tunazungumza juu ya kukikata kidole."

Waliporudi, wifi hakwenda chumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni pa Fundi, akamtupia glavu mapajani.

"Chukua vitu vyako! Ulinipa zawadi au kitanzi?"

"Wifi, pole. Ni bahati mbaya. Lakini mimi nilifuma glavu, sikufuma kitanzi."

"Bahati mbaya! Mwanangu hatavaa tena kitu kilichotoka mikononi mwako. Na huyo wa kwako, maskini, namwonea huruma tangu yumo tumboni."

Alikwenda zake, akaubamiza mlango.

"Umesikia?" Fundi alimwambia mumewe kwa hasira. "Umemsikia dada yako? Miaka kumi na miwili nashika sindano! Hakuna sweta langu hata moja lililorudishwa na mkaguzi. Leo naitwa mfunga watoto!"

"Mke wangu, si useme pole tu, yaishe?"

"Pole nimesema! Mwenzio anataka niseme nimekosa. Kosa langu liko wapi? Nionyeshe!"

Mume alikumbuka ghafla kwamba ana bomba la kwenda kutazama.

Alasiri hiyo Sista alikuja kumjulia hali. Alimkuta ameketi, macho mekundu, sindano zinagongana kama panga.

"Kasirika, lakini inuka kwanza," Sista alisema. "Umekaa hapo tangu lini? Tazama miguu ilivyovimba. Mjamzito hafumi saa tatu mfululizo. Kila nusu saa simama, tembea uani, unyooshe mgongo. Na ukiona uso au mikono imevimba ghafla, au kichwa kinakuuma sana, usingoje siku ya kliniki. Njoo mara moja."

Fundi alisimama, akazunguka ua, akarudi bado amenuna.

"Lete kapu," Sista alisema.

"Kapu lina nini?"

"Lete tu, dada."

Sista alichukua soksi moja, akaigeuza nje ndani. Kwa nje ilikuwa safi, ina maua. Kwa ndani mlikuwa na mafundo, na mikia ya nyuzi ikining'inia kama ndevu za beberu. Nyuzi nyingine zilivuka kutoka ua hadi ua, zimelegea kama kamba za kuanikia nguo.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Yangu. Na ndivyo tunavyofuma karakana nzima! Ukibadili rangi unafunga fundo, unaacha mkia, unaendelea. Mkaguzi huangalia nje."

"Mkaguzi halivai hilo sweta. Analivaa mtoto, na mtoto huvaa upande wa ndani. Huku nje ni kwetu sisi watazamaji."

Fundi aliinyakua soksi, akaitazama ndani. "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nafuma mitego?"

"Mwanafunzi akinaswa kidole, atakichomoa aendelee kucheza. Mtoto mchanga hajui hata kwamba kidole ni chake. Anapapasa, anazungusha, anavuta. Kadiri anavyovuta, ndivyo uzi unavyokaza. Naye ana njia moja tu ya kusema, ni kulia. Analia kwa njaa, analia kwa tumbo, analia kwa kidole."

"Mbona hakuna aliyeniambia?" Fundi alifoka. "Kila mtu anapita hapa, 'Hongera, Fundi, nzuri hizo!' Hakuna hata mmoja aliyezigeuza!"

"Mimi nilipita pia, nikasifu," Sista alikubali. "Hapo hata mimi nina lawama. Basi tugeuze sasa." Alishika sweta dogo. "Utepe huu shingoni ni wa nini?"

"Urembo."

"Ni kamba shingoni mwa mtoto. Uondoe." Alishika kifungo, akakivuta. Kifungo kikambakia mkononi.

"Umekivuta kwa nguvu!"

"Mwanao atakivuta kwa ufizi, tena kutwa nzima. Akikipata, atakimeza au kitampalia. Kishone kwa uzi imara, au weka kifungio cha kitambaa." Alilinyoosha shali la kroshia. Kidole chake kikapita katika tundu. "Matundu haya ni makubwa. Vidole vya miguu vitaingia. Hili lifunike mabega yako unaponyonyesha."

"Na kofia? Usiniambie hata kofia ni haramu!"

"Kofia ni nzuri akitoka kwenye baridi. Akilala ndani, mvue. Inaweza kumteremkia puani, na pia joto likamzidi. Kwa wale waliozaliwa kabla ya wakati, fuata maagizo ya hospitali."

"Glavu?"

"Mkate kucha kila wiki, akiwa amelala. Glavu hutazihitaji."

"Basi nitalichoma kapu zima!"

"Usichome. Nyuzi zako ni laini, na kazi ya nje ni nzuri kweli. Kasoro iko mwishoni tu mwa kila uzi. Wewe ni fundi, hebu niambie, mkia huu unaweza kufichwaje?"

Swali lilikuwa la kazi, na kazi Fundi hakuweza kuikataa. Alichukua sindano butu yenye tundu kubwa. Aliupitisha mkia ndani ya vishono vyenyewe, akaenda nao mbele, akarudi nyuma, akaenda tena mbele. Kisha akakata karibu kabisa na kitambaa.

"Sasa pitisha kidole chako kidogo ndani," Sista alisema. "Kikinaswa popote, rudia. Ukimaliza, fua kwa sabuni isiyo kali, suuza vizuri, anika. Na kila unapomvisha, geuza kwanza utazame, kwa sababu uzi hukatika hata nguo ikiwa mpya."

Kwa muda wa wiki nzima Fundi alirekebisha nguo. Hakuzirekebisha kwa unyenyekevu, alizirekebisha kwa hasira. Alichomoa utepe kama mtu anayeng'oa magugu. Soksi zenye maua alizifumua zote, akazifuma upya kwa rangi moja. Lakini kila alipokata mkia wa uzi, alikiona kile kidole cha zambarau. Hasira yake ilianza kuhama. Ilitoka kwa wifi, ikamzunguka yeye mwenyewe, kisha ikaenda kazini.

Huko karakana walikuwa wakifuma masweta ya watoto wadogo wa chekechea. Fundi alianza kuficha mikia. Siku ya kwanza, kabla ya saa nne, msimamizi alikuwa ameshafika mezani pake.

"Unachelewesha kazi, mama. Nani anaangalia ndani?"

Fundi alisimama, tumbo likatangulia. Aligeuza sweta la mwenzake wa jirani. "Ingiza kidole hapa, bosi."

"Cha nini?"

"Ingiza."

Msimamizi aliingiza kidole. Fundi alikizungushia mkia wa uzi mara mbili. "Sasa vuta."

Msimamizi alivuta. Kidole kilianza kuwa chekundu. Wafumaji wakaacha kazi, wakatazama.

"Unakaza!"

"Naam, unakaza. Na wewe una akili, una mkasi, una mdomo wa kuomba msaada. Mtoto wa miaka mitatu ana nini?"

Mtu mmoja alicheka nyuma. Msimamizi alijinasua, akakisugua kidole. "Basi, haya madogo tu. Haya yafichwe mikia. Na mkaguzi ayageuze."

"Haya madogo kwanza," Fundi alisema, akaketi.

Jioni hiyo alibisha hodi kwa wifi yake. Wifi alifungua mlango nusu.

"Nilikupa pole ya bahati mbaya," Fundi alisema. "Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa kazi mbaya, na kazi ilikuwa yangu. Nimekosa, wifi. Nisamehe."

"Nimesikia," wifi alijibu, akaurudisha mlango. Safari hii hakuubamiza.

Wiki tatu baadaye Fundi alijifungua salama mtoto wa kike. Aliporudi nyumbani, wifi alikuja kumsaidia, kwa maana undugu haungoji moyo upoe. Alimwogesha mtoto, akamkausha, akalivuta kapu bila kuomba. Alitoa sweta, akaligeuza. Akapitisha kidole chake kidogo katika kila mshono, polepole, kama askari anayepekua mzigo. Fundi, akiwa kitandani, alimtazama kama anayemngoja mkaguzi.

Wifi alivuta vifungo. Havikutoka. Aligeuza soksi ya kulia, akageuza ya kushoto. Alitafuta fundo, akatafuta mkia. Hakupata kitu.

Alimvisha mtoto, akamlaza chali karibu na mama yake. Mtoto alipiga miayo, akanyoosha vidole vyake kumi, vyote vya waridi.

"Bonge miguu yake inapata baridi siku hizi," wifi alisema hatimaye, akitazama ukuta.

"Unyayo wake umefika wapi?"

Wifi alionyesha juu ya kiganja chake. "Hapa. Rangi moja, wifi. Na nitazigeuza kwanza."

"Zigeuze," Fundi alisema. "Tena mbele yangu."