Sauti ya Yolanda na Minyoo ya Safura

Mpunga ukianza kuiva, watu wengi wa Kitaya huhamia mashambani, kando ya mto Ruvuma. Hulala kwenye vibanda ili walinde mpunga usiliwe na ndege. Usipolinda, ndege watavuna kabla yako.

Eusebio na mkewe Graca walihamia huko na binti yao Yolanda, aliyemaliza shule. Kufukuza ndege ilikuwa kazi ya Yolanda. Misimu ya nyuma, akipaza sauti, "Haaaya! Tokaaa!", baba yake alikuwa akicheka.

"Taratibu, mwanangu. Wajomba zako kule Msumbiji watadhani unawaita."

Lakini msimu huo sauti haikutoka. Yolanda aliita mara moja, kisha akakaa chini akihema. Ndege wakatua.

"We Yolanda! Mpunga unaliwa, wewe umekaa kama mwali!" Graca alifoka.

"Mama, moyo unanienda mbio."

"Unakwenda mbio wapi, na wewe hata kisimani hufiki?"

Kisha akamwona anabandua udongo wa ukuta na kuutafuna.

"Haa! Sasa unakula na nyumba?"

Jioni Yolanda alimnong'oneza mama yake kwamba choo chake kimekuwa cheusi.

"Ni matembele hayo," Graca alisema. Lakini moyoni hakutulia. Wote walikula matembele.

Kesho yake Yolanda alianguka njiani akienda kisimani. Uso ulikuwa umevimba, midomo imepauka. Eusebio alimpakia kwenye baiskeli, Graca akamshikilia kwa nyuma, wakaenda zahanati.

Nesi Doris alishusha kope ya chini ya jicho la Yolanda.

"Mama, tazama mwenyewe. Hapa panatakiwa pawe pekundu. Kwa mwanao ni peupe."

Akampima damu na choo. Aliporudi hakuwa anatabasamu.

"Ana minyoo ya safura. Damu imepungua sana. Mngechelewa zaidi, tungeweza kumpoteza."

Graca alimweleza habari za choo cheusi, udongo, na jinsi alivyomdhani mvivu. "Mbona hatukuona damu inatoka?"

"Minyoo hii huuma utumbo na kunyonya damu. Damu huvuja ndani, kidogo kidogo. Mara nyingi huioni kabisa. Ikivuja nyingi, njiani hubadilika, choo kikawa cheusi kama lami. Na mtu aliyepungukiwa damu anaweza kutamani udongo. Yolanda si mvivu, mama. Anaumwa."

Graca aliinamisha uso.

"Lakini nesi," alisema Eusebio, "sisi tuna choo kizuri. Cha sementi!"

"Kiko wapi?"

"Nyumbani, kijijini."

"Na shambani mnajisaidia wapi?"

Eusebio alikohoa. "Shambani... kichakani."

"Na miguuni mnavaa nini?"

"Tunakwenda peku. Ndala zinanasa kwenye tope."

"Basi ndiyo njia yake. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi. Kwenye udongo wenye unyevu huanguliwa. Vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu, mwisho hufika tumboni. Yolanda, miguu iliwahi kukuwasha?"

"Sana, katikati ya vidole. Tulidhani ni majani."

Nesi akampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Akawapima na kuwatibu wazazi pia.

"Vidonge vya damu avimalize, hata akijisikia mzima. Ale dagaa, maharage na mboga za majani. Na choo mkichimbe shambani, mbali na maji. Mkirudi peku kichakani, minyoo nayo itarudi."

Msimu uliofuata, Eusebio alichimba choo kabla ya kujenga kibanda. Jirani yao Bakari alipita akacheka.

"Bwana Eusebio, umekuja kulima au kujenga mji?"

"Cheka, lakini ukibanwa karibu. Mlango hauna kufuli."

Siku ya tatu Bakari alikuja, kimyakimya. Baadaye akachimba cha kwake.

Yolanda naye alivaa mabuti ya mpira, akasimama katikati ya mpunga. Kundi la ndege likashuka. Akavuta pumzi.

"Haaaya! Tokaaa!"

Ndege wote wakaruka. Graca aliacha kupepeta mchele wa jioni, akamtazama mumewe. Eusebio alikuwa ameanza kucheka. Kabla hajatania kama zamani, Graca akamtangulia:

"Wajomba wamesikia."