Barua kwa Waliotuma Masanduku

Kila asubuhi Fundi alifagia chumba chake cha kazi, akaitia cherehani mafuta, akaketi kusubiri wateja. Chumba kilikuwa mbele ya nyumba yao, mlango wake ukitazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa, pasi ya mkaa na kioo kirefu kilichopasuka pembeni.

Miaka iliyopita, shule zikikaribia kufunguliwa, chumba hicho hakikuwa na pa kuweka mguu. Akina mama walileta watoto kupimwa sare. Fundi alishonea cherehani moja, na wasichana wawili aliokuwa akiwafundisha kazi walipokezana ya pili. Mwaka huu zilibaki wiki saba tu shule zifunguliwe, na wiki nzima Fundi alikuwa amepata suruali moja. Nayo ilikuja kutiwa kiraka.

Msichana mmoja alikuwa ameshaacha kuja. Wa pili alikuja, akakaa, akapiga miayo, akarudi kwao.

"Mama watoto, tuiuze hiyo cherehani ya pili," mumewe alisema Jumapili moja asubuhi. "Kiraka hakihitaji mashine mbili. Nimempata mnunuzi. Atakuja Jumamosi."

Mumewe alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache. Hakusema kwa ubaya. Lakini Fundi aliiacha chai yake ikapoa. Aliona mbali. Cherehani ya pili ikienda, hatafundisha mtu tena. Na ya kwanza nayo itakaa muda gani?

Chanzo cha shida hiyo kilijulikana na wote, lakini hakuna aliyekitaja. Chanzo kilikuwa masanduku.

Usharika wao ulikuwa na kanisa rafiki katika nchi ya mbali, nchi ya baridi. Urafiki huo ulianza mwaka wa mafuriko. Mwaka ule maji yalibeba nyumba, na watu wakabaki na nguo za mwilini tu. Waumini wa kanisa rafiki walikusanya nguo, wakazituma. Kwa kweli ziliwasitiri watu. Kisha maji yalikauka, nyumba zikajengwa upya, lakini masanduku yaliendelea kumiminika kila mwaka.

Jumapili hiyo yaligawiwa mengine, nje ya kanisa, baada ya ibada. Watu walipanga foleni ndefu juani. Mzee mmoja wa kanisa alipata koti la baridi, nene kama godoro. Alilivaa hapo hapo, jasho likamtiririka, akakataa kulivua. Tangu siku hiyo watu wakamwita Mzee Koti. Mwingine alipata viatu vya kutelezea juu ya barafu, vyenye chuma kirefu chini ya soli. Vilizungushwa mkono kwa mkono.

"Hivi ni vya kulimia?" mmoja aliuliza.

"Mpe muuza nyama," mwingine alijibu. "Atakatia mifupa huku anatembea!"

Watu walicheka. Kisha likafunguliwa sanduku la mwisho, na Fundi akaacha kucheka. Lilijaa mashati meupe ya shule.

Binti yake alimkimbilia. "Mama, nimepata shati! Jipya, na ni bure!"

Fundi alilipindua shati, akatazama mishono. Lilikuwa limeshonwa vizuri. Hata kulisema vibaya hakuweza.

Wakati huo huo Mchungaji alimjia, uso umemchanua. "Fundi, usisahau barua yetu ya shukrani. Hakuna mwenye mkono wa kuandika kama wewe. Na mwishoni waombe majoho ya kwaya."

"Sawa, Mchungaji," Fundi alisema. Angesema nini?

*

Jumatatu alikaa na kalamu mezani. Wifi yake, mwimbaji wa kwaya, alikuja kumtembelea. Bado hajaketi vizuri, akaingia jirani yao wa nyumba ya pili. Huyu alikuwa afisa maendeleo ya jamii, na mtaa mzima ulimwita Bi Maendeleo. Alileta sketi ipunguzwe kiuno.

"Unaandika nini, jirani?"

"Barua ya shukrani kwa kanisa rafiki."

"Hebu tusomee," wifi alisema. "Mimi barua zako hunitoa machozi."

Fundi akasoma: "Wapendwa wetu, hatuna maneno ya kutosha. Nguo zenu ni jibu la maombi yetu. Bila nyinyi watoto wetu wangekosa cha kuvaa..."

Bi Maendeleo aliinua mkono. "Samahani. Ni kweli wangekosa?"

Fundi aliweka kalamu chini.

"Mimi si ningewashonea?" Fundi alisema polepole, kama aliyegundua jambo kwa kujisikia akilisema.

"Na barua hizi umeziandika miaka mingapi?"

"Sita."

"Basi jirani yangu, umeagiza masanduku miaka sita," Bi Maendeleo alisema. "Jiweke mahali pao. Mtu wa mbali anasoma kwamba bila nguo zake mtoto atatembea uchi. Atafanya nini? Atatuma nyingi zaidi. Mimi pia ningetuma."

Wifi alishika mdomo. "Wifi! Kumbe umejikata mwenyewe kwa mkasi wako!"

"Usimcheke," Bi Maendeleo alisema, ingawa yeye pia alitabasamu. "Wale watu si wabaya. Wanataka kupunguza umaskini, ni jambo jema. Ila hawaoni chumba hiki kutoka kule. Wakati wa mafuriko, kutuma nguo kulikuwa sawa kabisa. Mtu aliyelowa humpi semina, unampa nguo kavu. Lakini umaskini wa kila siku ni kitu kingine. Mara nyingi hauondoki kwa kuletewa vitu. Unapungua watu wakiwa na kazi na kazi yao ikinunuliwa. Nguo ya bure ikija kila mwaka, fundi anafunga mlango, na wasichana wake wanarudi nyumbani kukaa bure. Muuza vitambaa naye anakosa wateja. Mwishowe mnakuwa maskini kuliko kabla ya sanduku."

"Sasa wafanye nini? Waache kusaidia?" Fundi aliuliza.

"Waulize kwanza. Kanisa linalotaka kusaidia lianze kwa kuuliza: hapo kwenu watu wanajua kufanya nini, na kinawakwamisha nini? Hapa mnajua kushona, na kinachowakwamisha ni wateja. Basi wanunue sare kwenu, wale watoto wasio na uwezo wapewe. Mtoto anapata shati, na fundi anapata kazi. Lakini hawawezi kujua kama hamsemi."

Fundi alitazama barua yake. Ilikuwa nzuri, yenye mwandiko wa kupendeza. Aliikunja katikati.

"Watasema sina shukrani," alisema.

"Watasema," wifi alikubali. "Na Mzee Koti atakuwa wa kwanza."

*

Kikao cha wazee wa kanisa kilifanyika Ijumaa mchana, katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Fundi aliomba kusikilizwa. Wifi alimsindikiza. Mama Pacha alikuwepo pia. Alikuwa mjane mwenye mapacha watatu, na ndiye aliyefagia kanisa.

Fundi alisema yote. Alipomaliza, Mzee Koti alisimama. Koti alikuwa nalo mwilini, na jasho likimtoka.

"Dada yetu, huu ni utovu wa adabu! Mtu anakupa, wewe unamwambia nipe hiki, usinipe kile? Wakikasirika wakakata urafiki, utawajibu nini wajane wetu? Huyu hapa Mama Pacha! Watoto watatu kwa mpigo! Bila masanduku atawavisha nini?"

Macho yote yakamgeukia Mama Pacha. Fundi aliinamisha kichwa. Hilo ndilo swali aliloliogopa tangu Jumatatu.

Mama Pacha aliweka ufagio chini.

"Mzee wangu, shikamoo," alianza. "Ni kweli, wanangu wamevaa nguo za masanduku. Nimeshukuru na nashukuru. Lakini kila mwaka nasimama kwenye foleni ile wanangu wakinitazama. Mwaka jana mmoja alipewa suruali ya mtu mzima. Nikaikunja, nikaifunga kwa kamba, akaenda shule akachekwa. Nyinyi mnasema Mama Pacha anahitaji nguo. Mmeniuliza lini? Mimi nina mikono. Mkiniuliza, nitasema nataka kazi. Wanangu nitawavisha mwenyewe."

Mzee Koti aliketi. Baada ya muda alianza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

Mchungaji aliegemea kiti. "Kosa ni letu sote," alisema. "Na mimi ndiye niliyeagiza barua. Nilidhani kushukuru ni kusifu tu. Kumbe rafiki huambiwa ukweli. Fundi, andika upya. Mimi nitaitia sahihi yangu."

"Lakini jibu litachukua wiki kadhaa," wifi aliingilia, "na mnunuzi wa cherehani anakuja kesho asubuhi! Mchungaji, yale majoho ya kwaya ya nini kuomba ng'ambo? Sisi kwaya jana tumejichangia vitambaa na ujira wa kushona. Ashone Fundi. Kabla ya kuwafundisha wa mbali, si tuanze wenyewe?"

"Haya!" Mchungaji alicheka. "Kwaya imenena."

Jumamosi mnunuzi alikuja na mkokoteni. Alimkuta mwashi mlangoni, na nyuma yake wanakwaya kumi na wanane wamepanga mstari wa kupimwa mabega.

"Ndugu yangu, nisamehe kwa usumbufu," mwashi alisema. "Mwenye mashine ana kazi."

*

Barua mpya haikuwa ndefu. Fundi aliandika: "Wapendwa, mlitusitiri wakati wa mafuriko na hatutasahau. Kwa kuwa nyinyi ni ndugu, tunawaambia jambo tulilolificha kwa kuona aibu. Nguo za bure zinawanyima kazi mafundi wetu. Tunaomba msitume masanduku tena, ila yakitupata maafa. Kama mna nia ya kusaidia watoto wasio na sare, nunueni sare zilizoshonwa hapa. Tutazishona vizuri. Na kabla hatujaendelea, tuulizaneni. Sisi nasi tunapenda kujua habari zenu."

Wiki tatu zilipita bila jibu. Mzee Koti alianza kutikisa kichwa kila alipomwona Fundi. Fundi naye alianza kulala vibaya.

Kisha jibu likaja. Mchungaji alilisoma kanisani, polepole.

"Tumeisoma barua yenu mara mbili mbele ya waumini," waliandika. "Mara ya kwanza tulinyamaza. Mara ya pili fundi viatu mmoja wa hapa alisimama akasema hata yeye alifunga duka kwa sababu ya viatu vya bei ya kutupa. Hatukuwahi kufikiri kwamba sisi tunaweza kumfanyia mtu hivyo. Tusameheni. Tunaagiza sare mia moja na ishirini. Bei pangeni nyinyi, isimpunje anayeshona."

Wifi alipiga kigelegele hadi Mchungaji akapoteza mstari.

Chumba cha Fundi kikakosa tena pa kuweka mguu. Wasichana wote wawili walirudi. Fundi aligawa kazi na mafundi wengine wawili wa mtaani, maana sare mia moja na ishirini si za mtu mmoja. Usharika ulifungua ukumbi wake, ambao siku za kazi ulikuwa ukikaa bure umefungwa, na Fundi akafundishia humo. Mwanafunzi mpya wa kwanza alikuwa Mama Pacha. Siku ya kwanza alijichoma sindano mara nne. Wiki ya pili alishona shati zima.

Asubuhi ya kufunguliwa shule, Fundi na Mama Pacha walisimama mlangoni kutazama watoto wakipita. Mashati meupe yalikuwa mengi, na kila moja lilimkaa mwenyewe.

Mara Mama Pacha akaruka barabarani. "Wewe! Simama hapo!"

Msichana mdogo alisimama, ameduwaa. "Nimefanya nini, mama?"

"Hujafanya kitu. Kola yako imepinda. Ingia ndani."

"Nitachelewa!"

"Nani aliyeshona hilo shati?"

"Sijui."

"Ni mimi," Mama Pacha alisema, akimshika mkono kumwingiza ndani, huku mkono wa pili ukitafuta mkasi. "Na kazi yangu haiwezi kutembea mjini hivyo."