Themanini kwa Milioni

Sinia lilitoka kwenye tanuri likinukia udi.

Mpimaji alilinusa mara mbili, maana hata pua hudanganya. Plastiki iliyookwa ina harufu yake, kali, ya kukereketa koo, na yeye alikuwa ameivuta kwa miaka mingi hata mumewe, kabla hajaenda zake, akawa analalamika kwamba amelala na kiwanda. Lakini udi? Aligeuka amwone aliyejifukiza. Maabara ilikuwa na yeye peke yake.

Kiwanda kilisaga chupa kuukuu zikawa chenga, kikaziosha na kuziuza kwa watengenezaji wa chupa mpya. Kazi yake ilikuwa kuchota kilo moja ya chenga na kuioka. Plastiki njema hubaki nyeupe. Ile ngeni iliyojipenyeza huungua ikawa nyeusi, naye huiokota kwa kibano, chembe kwa chembe, akaiweka kwenye mizani. Kilo moja ina miligramu milioni moja, kwa hiyo kila miligramu ya weusi ni sehemu moja kwa milioni. Hesabu ya kitoto. Mteja hakutaka zaidi ya hamsini, na siku ile mizani ilisoma themanini.

Msimamizi wa kiwanda, wafanyakazi walimwita Changanya, kwa kuwa alikuwa na dawa moja tu kwa kila ugonjwa.

"Changanya na mzigo safi, dada, nusu kwa nusu," alisema bila kuinua macho kwenye simu. "Themanini inakuwa arobaini. Lori linasubiri."

"Ngoja basi nipime tena, kaka."

"Upime nini? Nusu ya themanini imebadilika lini?"

Hapo ndipo alipokosea, na tusimwonee, maana nani kati yetu angebisha na hesabu ya namna ile? Isitoshe binti yake alikuwa anamngoja shuleni. Akaandika arobaini bila kuwasha tanuri, akatia sahihi, lori likaondoka.

Roho haikutulia. Kesho yake kazini kila aliyemsalimu alimjibu kwa ukali. Mwishowe alitoa ile sampuli iliyowekwa akiba ya mzigo uliochanganywa, akaioka. Themanini. Akaichanganya, pamoja na weusi wake, na kilo tisa za chenga safi, akakoroga mpaka mikono ikauma, akachota kilo moja, akaioka. Ilipaswa kuwa nane. Ilikuwa themanini, na harufu ya udi ikajaa chumba chote. Akazitandaza zile chembe nyeusi kwenye kisahani, mbalimbali, kila moja peke yake, na alipoinama kuzima tanuri akasikia nyuma yake kitu kinagonga polepole, kama kucha juu ya kioo, kikanyamaza, kikagonga tena, naye akageuka kwa kujilazimisha, shingo ikiwa nzito, akaona chembe zote zimerundikana katikati ya kisahani, zimebanana, na ile ya mwisho bado inajikokota kuwafuata wenzake.

Alimwaga kila kitu chooni, akarudi nyumbani mbio bila hata kuvua ovaroli. Vumbi la chenga lilikuwa limemganda mpaka kwenye kope. Binti yake akamrukia kama kawaida, akamkumbatia, akauzika uso wake tumboni pa mama.

Mtoto huyo walimwita Chiriku. Alizungumza akila, alizungumza akioga, na majirani walisema anazungumza hata amelala. Tangu jioni ile akanyamaza. Siku zikapita, chupa za mzigo ule zikafika madukani, na Chiriku akawa anakaa pembeni mwa chumba akiokota. Vifungo, makombo, kucha zilizokatwa, nywele za mama kutoka kwenye kitana. Vyote alivirundika mapajani, akivibonyeza vishikane.

"Unafanya nini, mwanangu?" mama aliuliza, adhuhuri moja.

Mtoto akainua uso. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mtu mzima, mchovu.

"Nikusanyeni."

Ndipo mama alipomwita shangazi yake, ambaye kutoa majini ilikuwa ndiyo kazi yake. Shangazi alifika alasiri, akavua viatu, akavuta pumzi moja mlangoni, akaganda.

"Huyu namjua," alinong'ona.

"Unamjua vipi, shangazi?"

"Nilimtoa mwenyewe kichwani mwa mke wa seremala. Nikamfunga chupani, nikaenda kumzika jalalani."

"Chupa gani?"

Shangazi akaangalia vidole vyake. "Siku hizi chupa ya kioo utaipata wapi, mwanangu? Nilimtia kwenye ya maji."

Mpimaji alitaka kucheka, na alitaka kumpiga kofi mama wa watu. Waokota chupa huchimbua jalala zima, na kila wanachokipata hukileta kiwandani.

"Tumemsaga," alisema kwa sauti ndogo.

"Mmemsaga. Na mkamchanganya. Jini hapungui, mwanangu. Kila chembe ni yeye mzima, na kila chembe inawataka wenzake. Anatafuta mwili wa kukusanyikia, ndio maana kamshika huyu."

"Mtoe."

"Nikimtoa lazima nimwonyeshe pengine pa kwenda."

"Mwonyeshe mimi."

"Hujui unaloomba."

"Najua, shangazi. Sahihi ni yangu. Huyu hana kosa."

Shangazi alilia kidogo, bila kujificha. Kisha akaweka mkono mmoja utosini mwa mtoto na mwingine kifuani mwa mama, akasoma chini chini, muda mrefu, mpaka jasho likamlowesha kanga. Mtoto akapiga chafya. Akauliza kwa nini shangazi analia, na kwa nini nyumba ina giza, na kama kesho ni shule, na nani kamwaga vifungo, maswali yote kwa pumzi moja, na mama akamkumbatia akacheka huku machozi yakimtiririka, maana hakuna muziki uliowahi kumpendeza kama ule. Kifuani mwake alihisi kitu kidogo, kizito, kikigonga.

Nje hakukuwa na upepo. Hata hivyo barabarani ilisikika chupa tupu ikibiringika. Ikafuata nyingine, na nyingine, kutoka mitaroni, kutoka vibarazani, kutoka kwenye kreti za duka la kona ambako mwenye duka alikuwa akiita watu waje waone, zote zikipanda kilima badala ya kushuka, zikigongana, zikigeuka kwenye kila njia panda bila kukosea, mpaka sauti yao ikafunika sauti ya mtaa mzima na harufu ya udi ikapenya chini ya mlango.

"Mchukue, shangazi. Pitieni uani. Nendeni mbali, na asinywe chochote cha chupa."

"Mama, wewe huji?" Chiriku aliuliza.

"Nakuja," mama alimdanganya.

Alisubiri mpaka nyayo zao zikaisha kabisa. Dirisha la chumba cha mtoto lilikuwa limeanza kugongwa. Akaenda mlango wa mbele, akaondoa komeo, akaufungua wote, ili chupa ziishie kwake, zisimfuate mtoto.