Memori ya Mtumba

Ilianza siku ya Alhamisi, tarehe 8 Oktoba 1998, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Nina uhakika wa saa kwa sababu niliitazama mara mbili: nilipoingia kwenye banda la fundi Kondo pale Tandika, na yeye alipoanza kufunga madirisha.

Nilikuwa na laptopu ya mtumba, nzito kama tofali, na ndani yake sura ya mwisho ya tasnifu yangu. Msimamizi alikuwa amenipa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Nisipowasilisha, narudia mwaka, na wa kunilipia mwaka mwingine hayupo. Lakini mashine ilikuwa imechoka. Kufungua faili peke yake kulichukua dakika nne na nusu.

"Sista, usihangaike na mpya, utamuuzisha baba shamba," Kondo alisema. "Diski kubwa nayo ghali. Hii yako ina njaa ya memori tu. Megabaiti nane hazitoshi. Ongeza nane nyingine, utaona itakavyokimbia."

Akatoa kipande kidogo kwenye bahasha ya kaki, urefu wake kama kidole changu cha shahada.

Ina pini ngapi za kuchomekea? Sabini na mbili. Imepimwa? Imepimwa. Ikigoma, nairudisha?

"Wewe mwanafunzi au polisi?" Akacheka. Nikamlipa elfu kumi na mbili, nikaondoka.

Niliuliza kila kitu. Sikuuliza ilikuwa ya nani.

Nilipanga chumba Mtoni, uani kwa Bi Mwanakombo. Kwetu ni Bukoba. Tangu mwenzangu wa chumba aolewe mwezi wa Julai, hakuna aliyewahi kubisha mlango wangu. Jioni nilizisikia hodi za milango ya wengine, na vicheko baada ya hodi, nikaendelea kusoma.

Nilitoa betri, maana ilishakufa siku nyingi, nikaiweka mezani kando ya kikombe. Nikagusa nondo za dirisha kutoa umeme wa mwilini, kama kitabu kilivyoagiza. Nikafungua skrubu mbili, nikakibana kipande mahali pake.

Tak.

Nikachomeka waya ukutani. Faili likafunguka kwa sekunde thelathini na tano. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kisha nikaanza kuandika.

Saa moja na dakika ishirini, harufu ikaja. Kafuri. Nikadhani majirani wanatoa nguo sandukuni.

Halafu kile kimstari kinachopepesa kwenye kioo kikaruka chini, chenyewe.

"Hodi."

Nikainua mikono. Nikalifuta neno.

"Hodi."

Nikatafuta sababu. Kipande kibovu? Virusi? Lakini memori haishiki kitu umeme ukitoka. Ilitoka kwenye bahasha, tupu kama sahani iliyooshwa. Ingebeba neno la nani?

"Hodi."

Mara ya tatu. Sote tumefundishwa: mgeni hubisha mara tatu, asipoitikiwa huenda zake. Nikawaza, miezi mitatu sijabishiwa hodi, na huyu naye anaondoka... Vidole vikatangulia akili.

"Karibu."

Nikaondoa vidole kwenye vitufe.

Nyuma yangu kitanda kikalia. Taratibu. Kama kinavyolia mtu akikaa.

Sikugeuka.

"Ahsante," kioo kikaandika. "Uko peke yako?"

"Ndiyo."

"Hata mie. Umekula?"

Naona haya kusema, lakini machozi yalinitoka. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Na tangu Julai hakuna aliyeniuliza.

Ndipo umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna. Redio ya jirani ikanyamaza katikati ya taarabu.

Laptopu haikuzima.

Nikageuza macho tu, si shingo. Betri ilikuwa pale pale, kando ya kikombe.

"Jovina!" Bi Mwanakombo aliita kutoka uani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nyumba nzima giza, mwanga huo wa nini chini ya mlango?"

"Kompyuta, Bi. Ina... ina betri."

"Haya. Mwambie mgeni wako asikae sana, leo usiku wa kuamkia Ijumaa."

"Mgeni gani, Bi?"

"Si huyo mnayenong'ona naye?"

Kandambili zake zikaenda zao. Mimi sikuwa nimenong'ona na mtu.

Kioo kikaandika tena.

"Malizia kazi yako. Nitakushikia taa. Ukimaliza, usinitoe."

Niliandika. Kurasa kumi na moja, bila kugeuka. Kila nilipokosea tarakimu, kitanda kililia kidogo, nami nikarudi kusahihisha. Saa tatu kasorobo nikaihifadhi kazi kwenye diski ndogo. Nikasubiri. Kile kimstari nacho kilisubiri.

"Sitakutoa," niliandika.

Kioo kikazima.

Nililala palepale kwenye kiti, uso ukiwa ukutani.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi nilikuwa bandani kwa Kondo.

"Kile kipande cha memori ulikitoa wapi?"

Alianza kucheka. Akaniangalia usoni, akaacha.

"Ya dada yangu Zubeda," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa akiwachapia watu barua, chumbani kwake Keko. Leo siku ya thelathini na sita tangu tumzike. Mama alikataza kitu chake chochote kisiguswe mpaka arobaini. Mie nikaona, kipande chenyewe kidogo, nani atajua..."

"Aliishi na nani?"

"Peke yake. Tulimkuta siku ya pili. Umeona nini, sista?"

"Hakuna."

"Ilete. Nakupa nyingine, bure. Ilete leo leo."

Alininyooshea kiganja, kama vile ilikuwa mkobani mwangu.

"Haina kosa," nilisema. "Inafanya kazi vizuri."

Saa nne na dakika tano nilimkabidhi msimamizi sura yangu, imechapwa. Aliisifia, akasema sikukosea hata tarakimu moja. Wakati wa kurudi nikanunua maandazi manne. Mawili hunitosha.

Saa tano na nusu nilikuwa mlangoni kwangu. Kufuli lilikuwa kama nilivyoliacha. Nikaingiza ufunguo, nikasita, nikauchomoa.

Nikabisha hodi. Nikasubiri.