Mektilda Akataa Kukalishwa

Kila asubuhi pale kijijini Kigwa, Mektilda aliwekwa kibarazani. Ndiyo, aliwekwa! Mwanawe Octavian alimletea kiti, chai na viazi, kisha akamwambia, "Mama, tulia hapo."

Mektilda ana miaka sitini na tisa. Mwaka jana alikuwa akilima na kuokota uyoga porini. Alikuwa akivuka reli kwa miguu kwenda kwa dada yake Josepha, mwendo wa nusu saa. Octavian aliponunua pikipiki, akalificha jembe la mama na kumkataza kutembea. Eti watu watasema ana pikipiki lakini anamtesa mzazi!

"Na kwa Josepha je?"

"Nitakupeleka Jumapili, mama."

Jumapili hiyo haikufika.

Siku moja Mektilda aliinuka kwenda chooni. Miguu ikatetemeka, pumzi ikakata, akashika ukuta.

"Uzee huo, mama," Octavian akasema. "Ndiyo maana nataka upumzike."

"Uzee gani!" Mektilda akafoka. "Mwaka jana nilikuwa msichana? Umeninyang'anya miguu yangu, wewe mtoto!"

Nyamizi, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa akipita. Akasikia kelele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia uamue kesi hii!"

Nyamizi akasikiliza, akatikisa kichwa. "Kaka, umemkosea mama. Wataalamu wamewachunguza wazee. Wanaotembea mara kwa mara huwa na moyo na misuli yenye nguvu kuliko wanaokaa tu. Misuli isipotumika hupungua, na ya mzee hupungua upesi."

"Basi nimrudishie jembe leo?"

"Taratibu! Kwanza apimwe zahanati. Wakimruhusu, aanze na dakika kumi. Aongeze kidogo kidogo hadi nusu saa, siku tano kwa wiki. Aende kwa kasi ambayo anaweza kuongea, lakini hawezi kuimba. Akiumwa kifua au akisikia kizunguzungu, asimame, aende zahanati."

"Na watu wakinisema?"

"Wakuseme!" Mektilda akadakia. "Nikishindwa kusimama, hao watu watanibeba?"

Octavian akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Zahanati walimpima, wakamruhusu. Wiki ya kwanza aliishia kwa jirani, akarudi akilalamikia magoti. Hakuacha. Kila wiki aliongeza kidogo.

Mwezi wa tatu tangu aanze, Jumanne asubuhi, alivuka reli. Josepha alikuwa akipepeta mahindi. Akauachia ungo.

"Jamani, Mektilda! Nani kakuleta?"

"Nimejileta mwenyewe!"